Bia kali imesimama kwenye 1.040: ushauri kwa mama wa Katuba

Swali: «Napika bia nyumbani, hapa Lubumbashi, Katuba. Mwishoni mwa mwezi wa sita nilipika bia kali, lita 20, kwa ajili ya ndoa ya binti yangu itakayokuwa mwisho wa mwezi wa tisa. Nilitumia kilo 5 za kimea cha shayiri kilichopitia mpakani Kasumbalesa, kilo 2 za sukari nyeupe ambayo niliitia yote kwenye sufuria wakati wa kuchemsha, na pakiti moja ya chachu kavu ya bia, gramu 11.5. Haidromita, kile kifaa cha kuelea kinachoonyesha sukari iliyomo, ilisoma 1.092. Siku tatu povu lilipanda vizuri, kisha likatulia. Leo ni siku ya 16, kipimo ni 1.040 na wiki nzima hakijasogea. Nilinyunyiza pakiti ya pili juu, hakuna kitu. Ndoo iko chumba cha nyuma, chini kwenye sementi. Jirani mmoja ananiambia niongeze sukari, mwingine nitie mizizi ya munkoyo, ile ya kutengenezea kinywaji cha mahindi, mwingine niimimine tu kwenye chupa niifunge. Nimfuate nani?»

Jibu:

Mama, usimfuate hata mmoja kati ya hao watatu. Nianze na huyo wa chupa, kwa sababu ushauri wake unaweza kumtoa mtu jicho. Kila nukta moja inayoshuka, yaani kutoka 1.040 kwenda 1.039, chachu inatoa gesi kiasi cha nusu ya ujazo wa bia yenyewe. Bia ya kawaida ya dukani ina gesi kama mara mbili na nusu ya ujazo wake, basi. Yako, nitakuonyesha hapa chini, bado ina nukta karibu 25 za kushuka. Ukiifunga sasa, joto la mwezi wa tisa litaiamsha chachu ndani ya chupa, nayo itataka kutoa gesi mara 12 ya ujazo wa bia. Hakuna chupa ya kioo inayobeba hiyo. Zitapasuka kwenye kreti, pengine mbele ya wageni, pengine mkononi mwa mtoto aliyetumwa kuleta moja. Kwa hiyo kifuniko cha ndoo kibaki, chupa zingoje.

Sasa bia yenyewe. Inaokoka, na muda unao.

Nimeanza na hesabu ya vitu ulivyopika, kwa maana hesabu hiyo inasema mengi kabla hujagusa kitu. Kilo 5 za kimea kwa upishi wa nyumbani zinakupa nukta 54 hivi ndani ya lita 20. Kilo 2 za sukari zinakupa nukta 38. Jumla ni 92, na ndiyo 1.092 uliyosoma, kwa hiyo mwanzo wako ulikuwa sahihi. Sukari nyeupe huliwa yote na chachu, haibaki hata chembe. Kimea ndicho kinachobakiza, kama robo yake, zile sukari ndefu tunazoziita dekstrini ambazo chachu ya kawaida haiwezi kuzivunja. Robo ya 54 ni 13 au 14. Bia hii ilipaswa kumalizia karibu na 1.015, labda chini ya hapo kidogo. Kusimama kwake kwenye 1.040 hakuwezi kuwa mwisho wake wa kweli.

Nakwambia haya kwa sababu si kila bia iliyosimama imekwama. Kama ungeniambia umepika kimea kitupu, ukakiloweka kwenye maji ya digrii 72, na nusu yake ni kimea cheusi cha kukaanga, ningekwambia pengine 1.030 ndiyo nyumbani kwake, iache. Mtu akipika kwa mtama ni vilevile: wanga wa mtama unahitaji joto kubwa kuliko wa shayiri ili ulainike, na kimea cha mtama kina nguvu ndogo ya kuukata wanga kuwa sukari nyepesi, kwa hiyo bia yake mara nyingi humalizia juu. Kwako sivyo. Hivi sasa ndani ya ndoo una kileo cha asilimia 7 hivi, na njia iliyobaki ni ya kufika karibu asilimia 10.

Kabla ya yote, hakikisha kipimo. Bia iliyochacha imejaa gesi, na vipovu hujishika kwenye haidromita vikaiinua, ukasoma nukta kadhaa zaidi ya ukweli. Chukua bia ya kupima, imimine kutoka kikombe kimoja hadi kingine mara nyingi mpaka isitoe povu tena, ndipo uipime. Angalia pia karatasi iliyo ndani ya haidromita: nyingi zimetengenezwa kusoma sawa kwenye digrii 20. Itie kwenye maji safi ya digrii 20, isiposoma 1.000, jua inakosea kwa kiasi gani. Na usiamini kile kizibo cha hewa. Ndoo nyingi hazizibi vizuri kwenye mdomo, gesi hupita pembeni, kizibo kinakaa kimya huku bia inaendelea kufanya kazi. Kinyume chake pia hutokea: jua likipiga chumba, gesi iliyolala ndani ya bia inapanda, kizibo kinatoa mapovu, nawe unafurahi bure.

Kwa wasomaji wengine wanaotumia rifraktomita, kile kifaa cha kutazamia tone la bia kwenye mwanga: kileo kinakidanganya. Bia iliyoanza kwenye Brix 22 (Brix ni kipimo cha sukari cha kifaa hicho) ikisoma 12, ukiigeuza moja kwa moja utapata kama 1.048 na utapaniki. Ukweli wake ni karibu 1.023. Kwa bia ambayo imeshaanza kuchacha, tumia haidromita, au fanya hesabu ya kuondoa kileo.

Mama, nikisoma maelezo yako naona mambo manne, na yote yalianza ndani ya siku tatu za kwanza.

La kwanza ni baridi. Sisi tuko juu ya mita 1,200, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba unashuka chini ya digrii 10. Mchana jua linawaka, watu wanavua koti, lakini sementi ya chumba cha nyuma haisahau usiku. Siku tatu za mwanzo hukuona tatizo kwa sababu chachu ikifanya kazi kwa nguvu hutoa joto lake yenyewe. Ndoo huwa ya moto kuliko chumba kwa digrii kadhaa. Kazi ikipungua, joto hilo linakwisha, ndoo inashuka kufuata sementi, na chachu ikihisi ubaridi inajikusanya mafundofundo na kulala chini. Ukiangalia chini ya ndoo utaona tabaka la rangi ya maziwa, nene kama kidole. Hiyo ndiyo chachu yako. Nyingi bado iko hai.

La pili ni sukari yote kutiwa kwenye sufuria, na hapa nitakaa kidogo maana ndilo kosa ninaloliona zaidi katika bia kali za mjini hapa. Chachu haili kila kitu kwa pamoja. Sukari nyeupe inaivunja nje ya mwili wake kuwa glukosi na fruktosi, na hizo inazila kwanza, upesi na bila jasho. Wakati inazila, inafunga milango inayoingizia maltosi, sukari ya kimea, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya chakula chake. Mtoto ukimshibisha biskuti jioni, bukari, yaani ugali, ikifika haitazami. Chachu nayo iko hivyo. Glukosi ikiisha, lazima ijenge upya milango ya maltosi. Kujenga kunataka nguvu, kunataka naitrojeni, na kunataka joto. Nguvu imeshatumika kuzaana na kupambana na kileo. Naitrojeni hutoka kwenye kimea, na sukari nyeupe haina hata kidogo. Kwako zaidi ya mbili kwa tano ya nukta zote ni sukari tupu, kwa hiyo chakula cha kujengea mwili kilikuwa chembamba tangu mwanzo. Joto nalo limekwenda na usiku. Ndiyo maana bia inasimama katikati, tamu, huku chakula kimejaa pembeni yake.

La tatu, pakiti moja haitoshi kazi hii. Wapishi wa bia huhesabu hivi: kwa bia kali, chembe za chachu milioni 1 kwa kila mililita na kwa kila digrii ya Plato, ambayo ni kipimo kingine cha sukari. 1.092 ni kama Plato 22. Kwa lita 20 unahitaji chembe bilioni 440. Watengenezaji wa chachu kavu kwa kawaida wanaahidi walau bilioni 6 kwa gramu, yaani bilioni 69 kwa pakiti yako. Hata tukisema ilikuwa na mara mbili au tatu ya hizo, bado ilikuwa nusu ya jeshi au chini. Ilibidi izaane sana ndani ya maji yenye sukari nzito, na kila kizazi kinachozaliwa kinagawana na mama yake mafuta yanayokinga ngozi ya chembe dhidi ya kileo.

Mafuta hayo yanatufikisha kwenye la nne, hewa. Chachu huyatengeneza kwa kutumia oksijeni, na oksijeni hiyo huipata mwanzoni tu, ile unayoiingiza kwa kutikisa maji ya kimea yaliyopoa. Maji safi ya digrii 20 kule pwani hushika miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita. Hapa kwetu hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 13, kwa hiyo inakuwa kama miligramu 8, na sukari nyingi ndani ya maji inapunguza zaidi. Bia kali inataka 10 au zaidi. Hujaniambia kama ulitikisa. Kama ulimimina tu taratibu ukafunika, chachu yako iliingia vitani bila ngozi.

Sasa ile pakiti ya pili, usiihesabu. Chembe ya chachu iliyokaushwa, dakika zake za kwanza kwenye maji, haiwezi kuchagua kinachoingia ndani yake. Ikilowa kwenye maji safi ya vuguvugu, ngozi inarudi na kuwa nzima. Ikilowa kwenye bia yenye asilimia 7 ya kileo, kileo kinaingia moja kwa moja, na nyingi zinakufa palepale. Kwa hiyo kilichoshindwa ni namna ya kuitia. Chachu mpya kwa jumla bado inaweza kusaidia.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu. Leo hii toa bia mililita 250 kwa kikombe kilichochemshwa, uitie kwenye chupa ya jamu iliyo safi. Lowesha kijiko kimoja cha chai cha chachu ya mkate kwenye kijiko kimoja cha chakula cha maji ya vuguvugu, ngoja dakika 15, kisha imimine humo. Funika kwa karatasi ya alumini bila kubana, weka mahali pa digrii 25 hadi 28, juu ya friji au karibu na jiko, uizungushe asubuhi na jioni. Baada ya siku tatu iache itulie, iondoe gesi, ipime. Yale maji ya kulowekea yatakuwa yamepunguza kipimo kwa nukta 2 hivi, usidanganyike nazo. Ikishuka kuelekea 1.020 au chini, umeona kwa macho yako kwamba chakula kipo na kilichochoka ni chachu. Ikibaki karibu na 1.038, basi mabaki ni dekstrini na hakuna chachu ya kawaida itakayoyala, ukomee hapo. Mimi nina hakika itashuka. Lakini jaribio hili ni rahisi, na linamwokoa mtu asimwage pesa kwenye chachu ambayo haina cha kula. Bia ya chupa hiyo itakuwa na ladha ya mkate mbichi, imwage.

Siku hiyohiyo, ndoo iinue kutoka sementini. Iweke ndani ya beseni kubwa juu ya ubao, mimina maji ndani ya beseni mpaka nusu ya ndoo, na ndani ya maji hayo tumbukiza chupa au bidoni (dumu) ndogo la maji ya moto lililofungwa vizuri, ulibadilishe asubuhi na usiku. Zungushia blanketi. Lengo ni digrii 20 hadi 22, na ipande polepole, digrii 2 au 3 kwa siku. Usiingize mbabula, lile jiko la makaa, kwenye chumba hicho. Najua wengi hufanya hivyo mwezi wa saba, lakini makala yakiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi isiyo na harufu inayoua watu waliolala, na hakuna bia inayostahili hiyo.

Ikishapata joto, shika ndoo pembeni uizungushe taratibu ili lile tabaka la chini liamke na kupanda kama moshi. Kifuniko kisifunguliwe, bia isirushwe. Oksijeni tuliyoililia mwanzoni, sasa ni adui: itaipa bia ladha ya karatasi iliyolowa, na bakteria wa siki wataipokea kwa mikono miwili. Ukizungusha, gesi itatoka kwa wingi, angalia povu lisifike kwenye kizibo. Fanya hivyo mara mbili kwa siku. Siku ya nne pima. Ikiwa imeshuka hata nukta 3, iache iendelee yenyewe, kazi imerudi.

Isiposhuka, na kwa hali yako naona kuna uwezekano mkubwa isishuke, ndipo tunapeleka chachu mpya, na tunaipeleka ikiwa tayari inakimbia. Nunua pakiti 2 za aina ileile ya bia. Kabla yake andaa maji ya kimea: gramu 250 za kimea kilichopondwa, ziloweke saa moja kwenye lita 1 na nusu ya maji ya digrii 66, chuja, chemsha dakika 10, utapata kama lita 1 na robo yenye kipimo karibu na 1.040. Wakati inachemka, tia ndani yake vijiko 2 vya chai vya chachu ya mkate. Hizo zitakufa kwenye moto, na ndicho tunachotaka: maiti zao ni chakula, zimejaa naitrojeni na vitamini ambavyo sukari yako haikuleta. Poza mpaka digrii 25.

Chachu ya pakiti iloweshe kwenye robo lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa hadi digrii 30 au 35. Maji matupu, bila sukari. Baada ya dakika 20 imimine kwenye maji ya kimea, ndani ya bidoni safi la lita 5, ufunike, ulitikise kwa nguvu zako zote. Hapa ndipo hewa inaruhusiwa. Ukianza jioni, asubuhi utakuta povu zito. Sasa chachu hiyo izoeshe pombe: chota nusu lita ya bia iliyokwama, imimine kwenye bidoni. Ngoja saa 6 hivi, uone povu limerudi. Ongeza lita 1. Povu likirudi tena, jioni hiyo, mimina bidoni zima kwenye ndoo, mdomo ukiwa karibu kabisa na bia ili isirushe. Funika, blanketi, digrii 20 hadi 22.

Kuwa mwangalifu na muda wa hatua hiyo ya mwisho. Ukingoja mpaka povu la bidoni limeshuka, umechelewa; chachu imeshaanza kulala na unapeleka wagonjwa kusaidia wagonjwa. Povu likiwa limepanda, linanuka matunda na mkate, ukitikisa kidogo linakurukia, wakati ndio huo.

Mambo yakienda kawaida, ndani ya siku mbili utaona kipimo kinaanza kushuka, nukta 2 au 3 kwa siku mwanzoni, kisha polepole. Usifungue ndoo kila siku. Kila baada ya siku tatu inatosha. Watu watakushauri chachu ya shampeni kwa sababu inavumilia kileo kikubwa, nayo aina yake iitwayo EC-1118 kweli huvumilia hata asilimia 18. Lakini chachu za divai zimezoea sukari ya zabibu. Maltotriosi, ambayo ni sehemu ya sukari ya kimea, nyingi haziili vizuri. Kwa bia, chachu ya bia iliyozoeshwa vema inafanya zaidi.

Nirudi kwa jirani wa munkoyo, maana wazo lake si la kijinga. Ile mizizi ina vimeng'enya vinavyokata wanga, ndiyo maana uji mzito wa mahindi ukitiwa munkoyo unageuka mwepesi na mtamu ndani ya saa chache. Mabibi zetu walijua hilo kabla ya maabara. Kama tatizo lako lingekuwa wanga au dekstrini, angekuwa amegusa palipo na ugonjwa. Lakini bia yako ina sukari nyepesi tele, na mizizi hiyo inakuja na bakteria wake wa uchachu, wanaofaa sana kwa munkoyo unaonywewa leo na kesho. Ndani ya bia ya kukaa miezi, watakupa kitu kikali cha kukunja uso. Unga wa vimeng'enya unaouzwa kwa wapishi wa bia hauleti bakteria, ila una hatari nyingine: hauachi kukata, hata chupani, mpaka bia inakuwa nyembamba kama maji na gesi imezidi. Huuhitaji.

Na wa sukari? Sukari zaidi ni kumwongezea mzigo mtu aliyeanguka. Kileo kitapanda kidogo, naitrojeni itabaki ileile, na chachu itajifungia tena milango ya maltosi. Pengine atatokea na wa nne kukwambia uipeleke ikawe lutuku, ile pombe kali ya kienyeji. Mkatalie pia. Hii ni bia nzuri.

Ukifanya yote, ikakomea kwenye 1.020, usihangaike zaidi. Itakuwa tamu kidogo, nzito mdomoni, na kwa bia ya asilimia 9 hilo halimchukizi mtu. Jambo la lazima ni kwamba isimame kweli: vipimo vitatu vilivyo sawa ndani ya siku 8 au 9, bia ikiwa kwenye digrii 20 na zaidi. Kusimama ukiwa baridi hakuhesabiki.

Mwakani, au hata mwezi wa kumi joto likiwa limefika, upishi uleule ufanye hivi. Chachu pakiti 2, zilizoloweshwa. Maji ya kimea yaliyopoa yatikise dakika 10 kabla ya chachu, na uyatikise tena mara moja ndani ya saa 12 hadi 18 za kwanza. Baada ya hapo usiguse. Sukari punguza iwe kilo 1 na nusu, ongeza kimea, na sukari hiyo isiingie sufuriani. Siku ya tatu, povu likianza kupungua, yeyusha nusu yake kwenye maji kidogo, chemsha, poza, mimina. Siku ya tano nusu iliyobaki. Chachu inakuwa imeshakula maltosi kwanza, ikiwa na njaa yake yote, na sukari inakuja kama kitindamlo. Mwezi wa kumi tatizo lako litakuwa jingine, joto kupita kiasi siku mbili za mwanzo, na beseni lilelile la maji, safari hii ya baridi, litakusaidia.

Kuhusu ndoa, hesabu inakubali. Joto na jaribio la chupa ya jamu, siku 4. Chachu mpya, siku 2. Kuchacha hadi mwisho, siku 10 hadi 14. Kuthibitisha imesimama, wiki moja na siku. Hapo uko katikati ya mwezi wa nane, na bia kali inahitaji wiki 4 hivi chupani ili ile ladha ya kileo kinachochoma itulie. Wakati wa kujaza chupa, weka sukari gramu 5 kwa kila lita, iliyoyeyushwa na kuchemshwa. Kwa lita 18 utakazopata baada ya kuacha mashapo, ni gramu 90. Chachu iliyopita kwenye kileo cha asilimia 10 inaweza kukataa hata kazi hiyo ndogo, kwa hiyo ongeza gramu 2 za chachu kavu iliyoloweshwa, uchanganye na ndoo yote kabla ya kujaza. Na bia kidogo itie kwenye chupa ya plastiki ya soda, pamoja na zile za kioo, mahali pamoja. Ibonyeze kila siku mbili. Siku itakapokuwa ngumu kama ya soda mpya, gesi imetosha, hamisha kreti zote sehemu ya baridi kabisa ya nyumba. Ikiwa ngumu ndani ya siku mbili tatu tu, jua kuna sukari iliyobaki: vaa kitambaa kizito mikononi, fungua kila chupa itoe pumzi, uifunge upya siku hiyohiyo.